Beni, Malipenga na Mganda: Safari ya Ngoma Kutoka Pwani Hadi Ziwa Nyasa na Marejeo Yake

Katika uwanda wa Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, huchezwa ngoma ambayo mgeni aionapo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba anatazama gwaride la askari. Wachezaji husimama safu kwa safu, wamevaa kaptula na soksi ndefu. Mmoja hutangulia na filimbi kinywani, na ngoma kubwa hupigwa kwa magongo. Wengine wameshika vibuyu midomoni, na katika vibuyu hivyo hutoka sauti yenye mkwaruzo, mfano wa tarumbeta. Wenyeji huiita mganda, au ipenenga. Ng'ambo ya mto Songwe, katika nchi ya Malawi, ngoma iliyo ndugu yake huitwa malipenga.

Leo ngoma hiyo huhesabiwa miongoni mwa ngoma za jadi za mwambao wa Nyasa, na hesabu hiyo si ya uongo. Hata hivyo, historia yake haikuanza Kyela, wala haikuanza Karonga. Ilianza mbali, katika miji ya Waswahili ya pwani ya Bahari ya Hindi, ikasafiri bara kwa miguu ya askari na wapagazi, ikavuka mpaka, ikabadilika mikononi mwa watu wengine, kisha ikarudi katika Tanganyika ikiwa na sura ambayo watu wa pwani wasingeitambua. Kuifuata safari hiyo ni njia nzuri ya kufahamu jinsi muziki unavyohama kati ya nchi na nchi. Pia ni njia ya kujibu swali ambalo limewasumbua watu wengi tangu uhuru, nalo ni hili: ngoma ya asili ni ipi, na ya kigeni ni ipi?

Chimbuko la Beni

Katika miaka ya 1890, vijana wa miji ya pwani ya Kenya, hasa Lamu na Mombasa, walianza kucheza ngoma mpya iliyoiga bendi za Wazungu. Mifano ya kuiga haikuwa haba. Manowari zilitia nanga bandarini, na askari wa serikali walipita mijini kwa gwaride. Huko Freretown, karibu na Mombasa, mahali ambapo tangu mwaka 1875 misheni ya CMS iliwaweka watumwa waliokombolewa, palikuwa na bendi ya matarumbeta iliyopigwa na Waafrika wenyewe. Ngoma hiyo mpya ikaitwa beni. Ni neno ambalo Kiswahili kimelipokea mara mbili kutoka katika Kiingereza: kwanza kwa sura ya beni, na baadaye kwa sura ya bendi.

Wacheza beni hawakuiga sauti peke yake. Waliiga safu, mavazi, vyeo na amri. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, na chini ya mfalme walikuwako maofisa wa daraja mbalimbali. Lakini ndani ya vazi hilo jipya mlikuwa na jambo la kale, yaani mashindano. Miji ya Waswahili ilikuwa na desturi ya mtaa kushindana na mtaa kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu, na beni iliingia katika desturi hiyo kama mkono uingiavyo katika kanzu. Huko Lamu, Mkomani na Langoni walipata silaha mpya ya kushindania. Huko Mombasa, hata vyama vya wanawake vya lelemama vilipokea mambo ya beni na kushindana kwa fahari kubwa. Katika Tanganyika, wakati wa utawala wa Wajerumani, vilizuka vyama viwili ambavyo majina yao yalienea mbali, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa watu wa daraja, nao Arinoti walichukuliwa kuwa watu wa chini na wa kutoka bara.

Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliieleza historia ya vyama hivyo katika kitabu kizima alichokitoa mwaka 1975. Alionyesha kwamba beni haikuwa mzaha wa watu waliopumbazwa na fahari ya mkoloni. Ilikuwa ni chama cha kusaidiana, cha kuzikana, cha kupeana heshima, na cha kumpokea mgeni afikapo mjini asipo na jamaa. Jambo hilo ndilo lililoiwezesha kusafiri. Mtu aliyekuwa mwanachama Tanga aliweza kufika Tabora akakuta ndugu wa ngoma.

Njia ya Vita

Kilichoitoa beni katika miji na kuitupa mbali barani ni Vita ya Kwanza ya Dunia. Katika Ziwa Nyasa vita hiyo ilianza mapema sana. Tarehe 13 Agosti, 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilipokuwa Sphinxhafen, mahali paitwapo sasa Liuli. Tarehe 9 Septemba ya mwaka huo huo majeshi yalipigana Karonga, safari fupi tu kutoka mto Songwe. Mwezi wa Mei, 1916, majeshi ya Jenerali Northey yaliuvuka mpaka na kuiteka Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Tangu siku hizo, uwanda wa Kyela na milima ya Rungwe ukawa njia ya askari wa King's African Rifles kutoka Nyasaland. Pamoja nao walikwenda wapagazi waliojulikana kwa jina la tengatenga, ambao idadi yao ilizidi laki moja. Walibeba unga, risasi na majeruhi, na wengi wao hawakurudi makwao.

Beni ilichezwa pande zote mbili za vita hiyo. Askari wa Kijerumani walikuwa nayo, na askari wa Kiingereza walikuwa nayo. Katika kambi, katika hospitali na katika njia ndefu za wapagazi, watu wa pwani walikutana na watu wa Nyasa, wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Kongo. Mateka walijifunza kwa walinzi, na walinzi kwa mateka. Vita ilipokwisha mwaka 1918, kila mtu alirudi kwao akiwa na ngoma kichwani. Maofisa wa serikali waliingiwa na hofu walipokuta vyama vyenye vyeo vya kijeshi katika makoloni mengi kwa wakati mmoja, wakadhani kuna njama iliyofichwa. Kwa hakika hapakuwa na njama. Walichokiona ni alama ya njia zile zile ambazo serikali wenyewe waliwapitisha watu kwa nguvu.

Kwa muda fulani nyimbo za beni katika Nyasaland ziliimbwa kwa Kiswahili, hata mahali ambapo Kiswahili hakikuwa lugha ya watu. Ngoma ilikuja na lugha yake, kama mgeni ajaye na mzigo wake. Baadaye lugha za wenyeji zilishika mahali pake, na hapo ndipo mabadiliko makubwa yalipoanza.

Tarumbeta Lililogeuka Kibuyu

Watonga wa mwambao wa magharibi wa ziwa, na majirani zao wa kusini na wa kaskazini, waliipenda beni lakini hawakuwa na matarumbeta. Tarumbeta la shaba hununuliwa kwa fedha nyingi, na likiharibika halitengenezwi kijijini. Wao walikuwa na kibuyu. Huchukuliwa kibuyu kikavu, kikatobolewa mahali pa mdomo, kisha hutobolewa tundu jingine dogo ambalo huzibwa kwa utando mwembamba, kama ule wa buibui. Mpigaji hapulizi kama apulizavyo mwenye tarumbeta; huimba au hunguruma ndani yake, na utando hutetemeka na kuigeuza sauti ya mtu iwe yenye mkwaruzo wa shaba. Kibuyu kidogo hutoa sauti nyembamba. Vibuyu vikiunganishwa kimoja na kingine, hupatikana chombo kirefu chenye sauti nzito.

Katika Kinyanja, lipenga ni tarumbeta, na malipenga ni matarumbeta. Basi jina la ngoma likahifadhi kumbukumbu ya kitu ambacho hakipo tena mkononi mwa mchezaji. Asikiaye malipenga hulisikia neno la shaba, lakini aangaliapo huona tunda la shambani.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya umaskini tu, bali yalifungua mlango mpya. Tarumbeta humlazimisha mpigaji kufuata noti za tarumbeta. Kibuyu humwachia sauti yake mwenyewe, kwa hiyo tuni hufuata kupanda na kushuka kwa nyimbo za mahali. Mguu nao ulibadilika. Gwaride la Mzungu huenda moja-mbili, kushoto-kulia, na halina mahali pa kupumzika. Katika malipenga na mganda, mguu huenda polepole kuliko ngoma, magoti hulegea, bega hujibu pigo ambalo mguu umeliacha, na safu nzima hugeuka kwa pamoja kwa madaha. Padri A. M. Jones, aliyechunguza muziki wa Rhodesia ya Kaskazini, aliona jambo la kuandikwa katika ngoma ya mganda hata akatoa makala juu yake mwaka 1945.

Vyeo navyo vilibaki, lakini vikapata kazi nyingine. Kiongozi wa ngoma aliitwa mfalme au kapteni, na kundi la kijiji likaitwa boma, kwa jina lile lile la ofisi ya mkuu wa wilaya. Hapa mzaha na heshima vilikwenda pamoja. Kijana aliyetumwa na serikali kubeba mizigo bila kuulizwa, sasa alitoa amri katika boma lake mwenyewe, na amri zake zilitiiwa kwa furaha. Boma moja lilialika boma jingine, likaandaa chakula, na hukumu ya nani amecheza vizuri ilikuwa mikononi mwa watazamaji.

Marejeo Katika Unyakyusa

Mpaka wa Songwe uliwekwa na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Mkataba huo uligawa ramani, lakini haukugawa ukoo. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni watu wa lugha zilizo karibu sana, na ndoa, misiba na biashara huwavusha mto kila siku. Upande wa mashariki, chini ya Milima ya Livingstone, Wakisi hufinyanga vyungu na kuvipeleka kwa mitumbwi hadi mnada wa Matema, na kutoka hapo vyungu hivyo huenda mbali. Kusini zaidi, kanisa la UMCA lilikuwa na dayosisi moja iliyoshika kisiwa cha Likoma pamoja na mwambao wa Liuli mpaka mwaka 1952, ilipoanzishwa dayosisi ya Tanganyika Kusini-Magharibi. Ziwa, basi, halikuwa ukuta bali barabara. Kwa barabara hiyo malipenga yaliingia Tanganyika. Katika mwambao wa Mbamba Bay na Liuli ikajulikana kama mganda, na pamoja nayo ikaja kioda ya wanawake, ambayo ng'ambo huitwa chioda. Katika Unyakyusa, jina la vibuyu likatamkwa kwa ulimi wa wenyeji, likawa ipenenga.

Inafaa kuuliza kwa nini mbegu hii iliota kwa urahisi katika udongo wa Kyela. Sehemu ya jibu imo katika desturi za Wanyakyusa wenyewe. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyotoka nyumbani kwa baba zao na kujenga kijiji chao pamoja, wakala pamoja na kukua pamoja. Kijiji cha rika ni kikosi tayari: wamezoeana, wana viongozi wao, na wana kijiji jirani cha kushindana nacho. Yaelekea kwamba ngoma yenye safu, vyeo na ushindani haikuhitaji kuundiwa chama kipya mahali kama hapo.

Sehemu nyingine ya jibu imo katika kazi za ujira. Tangu miaka ya 1920 watu wa Rungwe walikwenda katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Wengine walikwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakafika Afrika Kusini. P. H. Gulliver alichunguza uhamaji huo katika miaka ya 1950, wakati ulipokuwa jambo la kawaida katika maisha ya vijana. Mtu aliyerudi alikuwa na suruali mpya, viatu na namna mpya ya kutembea, na ngoma yenye mavazi nadhifu ilimpa uwanja wa kuonyesha mbele ya watu wake kwamba hakupotea bure.

Safari Nyingine za Namna Hii

Safari ya beni si ya pekee. Katika migodi ya shaba beni ilikwenda njia nyingine kabisa. Huko iliitwa mbeni, na kutokana nayo ikazuka kalela, ambayo J. Clyde Mitchell aliieleza katika kitabu cha mwaka 1956. Wacheza kalela aliowaona Luanshya walivaa mavazi nadhifu badala ya sare za kijeshi, wakawa na daktari na muuguzi katika vyeo vyao, na nyimbo zao zilitaniana na makabila mengine ya mjini. Mbegu moja, basi, ilizaa kibuyu na kaptula ziwani, na mavazi nadhifu na utani migodini. Kila mahali palichagua kile palichokihitaji.

Baadaye sahani za santuri na redio zilifupisha safari hizo. Tangu mwaka 1933 sahani za mfululizo wa GV zilileta Afrika muziki wa Kuba, ambao nusu ya damu yake ilikuwa imepelekwa huko na watumwa waliotoka Afrika, wakiwemo watu wa Kongo. Wakongo waliutambua, wakautia magitaa yao na lugha zao, na rumba ya Kongo ikatawala kumbi za dansi za Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950 kwela ya filimbi za bati ilitoka Afrika Kusini ikaja Nyasaland pamoja na wafanyakazi waliorudi. Huko iliungana na gitaa na besi ya sanduku la chai, na katika miaka ya 1970 ndugu wawili, Daniel na Donald Kachamba, waliipeleka mpaka Ulaya pamoja na mtafiti Gerhard Kubik.

Mfano wa karibu zaidi na Kyela ni mwinoghe, ngoma isiyo na maneno, ya ngoma tatu na filimbi, ichezwayo katika wilaya za Chitipa na Karonga na watu wanaosema Kisukwa, Kingonde na Kinyakyusa. Mwaka 2018 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Malawi. Urithi huo umeandikwa kwa jina la nchi moja, na bado lugha ya baadhi ya wachezaji wake ni ile ile isemwayo ng'ambo ya Songwe. Daftari za mataifa zina mipaka ambayo ngoma hazina.

Suala la Asili

Tarehe 10 Desemba, 1962, Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alilalamika kwamba waliosoma walijua kucheza rumba na chachacha, lakini wengi hawakuwahi hata kusikia gombe sugu, mangala au kiduo. Lalamiko hilo lilikuwa la haki. Utawala wa kigeni ulikuwa umewafundisha watu kuzidharau ngoma zao, na bila kusema kwa ukali dharau hiyo isingekoma. Lakini tangu siku hizo likabaki tatizo la kupima. Katika orodha aliyoitaja Rais ilikuwamo lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani ambayo vyama vyake huko Mombasa vilikuwa vimekula sahani moja na beni. Na mganda wenye kaptula na amri za gwaride uwekwe upande gani?

Methali yasema, Mwacha asili ni mtumwa. Wapo waitumiao methali hii kuifukuza kila ngoma yenye alama ya ugeni. Wakiifuata njia hiyo mpaka mwisho, mganda hautabaki, maana vyeo vyake ni vya jeshi la mkoloni. Wapo wengine ambao, kwa kuipenda ngoma yao, husema kwamba imekuwapo tangu zamani za mababu. Kauli hizi mbili zapingana, lakini zina kosa moja: zote hufuta historia. Ya kwanza hufuta kazi ya watu walioligeuza tarumbeta likawa kibuyu na gwaride likawa madaha. Ya pili hufuta taabu ya watu walioipokea ngoma hiyo njiani, wakiwa na mizigo vichwani, katika vita ambayo haikuwa yao.

Hapa ndipo jambo hili linapopita mipaka ya burudani. Wanajeshi wa Ulaya waliokufa katika vita hiyo wana makaburi yenye majina yao. Tengatenga wengi hawana kaburi linalojulikana, wala jina katika jiwe. Ngoma ya vibuyu ni miongoni mwa kumbukumbu chache ambazo watu wa kawaida wa mwambao wa Nyasa walijiwekea wenyewe kuhusu wakati ule, nayo haihifadhiwi na serikali bali kwa miguu na pumzi. Mtoto akifundishwa hatua za mganda bila kuelezwa zilikotoka, hupewa nusu ya urithi. Akinyimwa hatua hizo kwa sababu ni za kigeni, hunyimwa wote.

Kipimo kilicho bora, basi, si kuuliza ngoma ilitoka wapi, kwani karibu kila ngoma ikifuatwa nyuma vya kutosha itakutwa imevuka mto fulani. Kipimo ni kuuliza ni nani hutunga nyimbo zake, ni kwa lugha gani, ni nani hutengeneza vyombo vyake, na ni nani hucheka afahamupo utani wake. Kwa kipimo hicho mganda ni wa Kyela, kama ulivyo wa Karonga na wa Mbamba Bay. Na beni ya Lamu na Mombasa, ambayo pwani yenyewe imekwisha kuisahau kwa sehemu kubwa, yaendelea kusikika ziwani katika mkwaruzo wa vibuyu.